Huruma, Aprili 2016: ploti iliyojaa wapangaji bila cheti cha ukaaji

Usiku wa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la kupangisha la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma, eneo bunge la Mathare. Watu wapatao 50 walikufa. Mtoto mdogo wa kike alitolewa hai baada ya saa 80 hivi, na hata siku ya sita waokoaji walikuwa bado wanatoa watu waliokuwa na uhai chini ya kifusi. Jengo lenyewe lilikuwa jipya, halijatimiza miaka miwili. Lilisimama ukingoni mwa mto, halikuwa na cheti cha ukaaji, na baada ya msiba maafisa walisema lilikuwa limeshaorodheshwa kuwa halifai kukaliwa na linapaswa kubomolewa. Wapangaji walikuwa ndani, wamelipa kodi ya mwezi.

Jambo linaloumiza katika kisa hiki ni kwamba jengo lilijulikana. Kwa hiyo tutafuata njia mbili: namna ukaguzi wa hatua kwa hatua ungelizuia jengo kufika orofa ya sita, na kwa nini uamuzi wa kulitangaza hatari haukuwaondoa wapangaji.

Cheti cha ukaaji huja baada ya kazi nyingi

Cheti cha ukaaji ni karatasi ya kaunti inayosema kwamba jengo limekamilika kulingana na michoro iliyoidhinishwa na watu wanaweza kuhamia. Wenye ploti, yaani majengo ya kupangisha, wengi hukichukulia kama leseni ya kulipia mwishoni, rangi ikishakauka. Huo ndio mzizi wa matatizo. Karibu kila kitu kinachothibitishwa na cheti hicho hakionekani tena siku cheti kinapoombwa. Msingi umefukiwa, vyuma vimemezwa na zege, mabomba ya maji taka yako chini ya sakafu. Afisa anayefika siku hiyo huona plasta, milango na swichi za taa.

Ndiyo maana mlolongo huanza mapema. Mwenye kiwanja huleta hati yake na ramani ya mpima ardhi inayoonyesha mipaka. Msanifu aliyesajiliwa huchora nyumba. Mhandisi wa miundo huchora msingi, nguzo, mihimili na slabu (sakafu ya zege ya kila orofa), na kuambatanisha hesabu zake. Michoro hupelekwa kaunti kuombewa idhini ya ujenzi. Mradi husajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kibali cha mazingira hutafutwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kabla ya jembe la kwanza, kaunti hupewa notisi ya kuanza kazi, na mwenye mradi hupata kadi ya ukaguzi.

Kadi hiyo ndiyo moyo wa kazi nzima. Mkaguzi huitwa kabla ya kila kitu kufunikwa: vipimo vya jengo vikishapigwa kambani, mtaro wa msingi ukishachimbwa na kabla zege halijamwagwa, vyuma vya msingi na vya nguzo vikishafungwa, vyuma vya kila slabu vikishatandikwa, mabomba ya maji taka yakiwa bado wazi, kisha ukaguzi wa mwisho. Kila hatua ina saini na tarehe yake. Jengo la orofa sita lina slabu nyingi za kukaguliwa moja moja, na kila moja ni nafasi ya mtu wa nje kusema: simama hapo. Mwisho wa kazi msanifu na mhandisi huandika barua zao za kuthibitisha, afya na zimamoto hupita, halafu cheti hutolewa.

Jengo lililopandishwa bila idhini halina kadi. Hakuna aliyeitwa, na hakuna saini ya kurejelea. Hata afisa mwaminifu akija baadaye na kutembea vyumba vyote, hawezi kutia sahihi kitu ambacho hakukiona.

Asubuhi ya kumwaga slabu, mkaguzi anayejua kazi haangalii mambo mengi. Anaanza na biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua vyuma visilale juu ya mbao. Kwa slabu, vyuma vinahitaji kufunikwa na zege la milimita 25 hivi. Kwa nguzo 40. Kwa msingi 50 au zaidi. Biskuti zikikosekana, chuma hulala chini kabisa, unyevu hukifikia, hufura kwa kutu na kubandua zege. Kisha anapima ringi za nguzo, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye vyuma vya wima kuvishika pamoja. Kanuni ya uhandisi iliyozoeleka kwetu, ile ya Uingereza iitwayo BS 8110, inataka nafasi kati ya ringi isizidi mara 12 ya kipenyo cha chuma kidogo kuliko vyote. Kwa chuma cha milimita 12 hiyo ni milimita 144, yaani upana wa kiganja na nusu. Kwenye ploti nyingi utakuta ringi kila milimita 250 au 300, kwa sababu ringi ni kazi ya mkono na chuma kingi. Nguzo yenye ringi chache huvunjika kwa kupasuka ubavuni: vyuma vya wima hupinda nje kama upinde na zege humwagika, bila kutoa onyo la kutosha. Halafu anaangalia pale chuma cha chini kinapoungana na cha juu. Kwa chuma cha milimita 12, vipande viwili vinapaswa kupishana nusu mita hivi. Fundi aliyeishiwa chuma hupishanisha shubiri moja.

Zege lenyewe hupimwa kwa vipande vya mraba vya milimita 150 kila upande, vinavyojazwa kutoka mchanganyiko ule ule unaomwagwa. Sita kwa kila umwagaji ni kiasi cha kawaida: vitatu huvunjwa siku ya 7, vitatu siku ya 28. Zege la daraja la 25, yaani la nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, siku ya 28 linapaswa kuhimili kama tani 57 kabla kipande hakijapasuka, na siku ya 7 liwe limefika theluthi mbili hivi. Gharama ya kuvunja vipande sita ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya saruji ya slabu moja. Kwenye majengo yasiyo na idhini kipimo hiki hakifanywi kabisa.

Nguzo moja, kwa hesabu

Hesabu hizi ni za mfano. Hazikutokana na vipimo vya jengo la Huruma. Zinaonyesha namna ploti ya nyumba za chumba kimoja kimoja inavyojiua.

Chukua nguzo ya katikati inayobeba eneo la mita 3 kwa 3. Slabu ya unene wa milimita 150 juu ya eneo hilo ina uzito wa tani 3.2. Sakafu ya juu na plasta ni tani 1.1, mihimili kama tani 0.9. Kuta za mawe za milimita 200, zenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.5, ni tani 6. Watu na vyombo vyao, kwa kilo 150 kila mita ya mraba, ni tani 1.35. Jumla ni tani 12.5 hivi kwa kila orofa. Angalia kwamba kuta peke yake zinakaribia nusu. Nyumba ya familia moja ina kuta chache, lakini ploti ya vyumba vidogo ina ukuta kila mita tatu, na mwenye ploti anayekopi nguzo za nyumba ya jirani hajui kwamba anakopi mzigo usio wake.

Orofa sita ni tani 75 juu ya nguzo ya chini. Tanki la maji la lita 10,000 kwenye paa huongeza tani 10 za maji tu, na kwa kawaida huwekwa juu ya nguzo mbili tatu upande mmoja wa ngazi.

Sasa nguzo. Mafundi wengi hutumia nguzo ya milimita 200 kwa 200 yenye vyuma vinne vya milimita 12. Zege likiwa zuri la daraja la 25, nguzo hiyo huvunjika karibu na tani 88: zege hubeba tani 67 na vyuma tani 21. Mhandisi hairuhusu kufika huko. Huzidisha mzigo mara 1.4 hadi 1.6 na kupunguza nguvu ya zege na chuma, kwa sababu kazi ya mkono hutofautiana. Kwa kanuni zake, nguzo hiyo haistahili hata orofa tatu.

Zege likiwa bovu, tuseme nguvu yake ni 12 badala ya 25, sehemu ya zege hushuka hadi tani 32 na nguzo nzima huvunjika karibu na tani 53. Orofa nne ni tani 50. Jengo litasimama. Mwenye nyumba ataona limesimama na ataamini fundi wake. Ataongeza orofa ya tano, na nguzo itakuwa inaishi kwa bahati: pengine mzigo umegawanyika kwa majirani zake, pengine vyumba vya juu havijajaa. Orofa ya sita ikishapata wapangaji, vitanda, mitungi ya maji na mvua ya siku kadhaa, hakuna tena akiba yoyote. Ndiyo sababu majengo ya aina hii huanguka baada ya miezi mingi ya kukaliwa, na kila mtu hushangaa kwamba “lilikuwa limesimama tu vizuri.”

Zege hufikaje 12? Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Mchanganyiko wa 1:2:4 unataka lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto kwa mfuko mmoja. Wilibaro iliyojaa ni lita 65 hivi, na iliyorundikwa huzidi hapo. Kwa hiyo wilibaro moja ya mchanga na mbili za kokoto zingetosha kwa mfuko, lakini kwenye mjengo wa haraka utakuta mbili za mchanga na nne za kokoto. Saruji imekatwa nusu. Kisha maji: mfuko mmoja unahitaji lita 25 hivi, ila zege zito ni gumu kubeba kwa karai hadi orofa ya nne, kwa hiyo vijana humimina lita 40 ili liteleze. Maji yakizidi hivyo, nguvu hushuka karibu nusu hata kama saruji ilikuwa ya kutosha. Ongeza saruji ya daraja la 32.5, ambayo kazi yake ni plasta na kujengea mawe, ikitumika kwenye nguzo badala ya 42.5. Ongeza mbao za kushikilia zege bichi zinazotolewa siku ya saba ili zikatumike orofa inayofuata. Kila kosa ni dogo, na yote hukutana kwenye nguzo ile ile.

Mto

Kanuni za Kenya zinaacha ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, ukipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko iliyowahi kurekodiwa. Wengi hupima kutoka maji yalipo siku ya kiangazi, na hapo ndipo mabishano na kaunti huanza. Ukanda huo una sababu mbili. Ya kwanza ni mto wenyewe. Ya pili husahaulika: udongo wa ukingoni mwa mito ya Nairobi upande wa mashariki, mara nyingi, ni taka na kifusi kilichojaziwa, juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi wa nguzo ukikaa juu ya udongo wa kujazia, maji ya mvua hubeba chembe laini kidogo kidogo, na nguzo moja huanza kuzama kuliko wenzake. Milimita 25 za kuzama kusiko sawa zinatosha kupasua kuta na kuhamisha mzigo kwenda nguzo ya jirani, ambayo, kama tulivyoona, haina nafasi.

Mashimo matatu ya majaribio, yaliyochimbwa hadi mwamba au udongo mgumu kabla ya michoro kuchorwa, yangeonyesha jambo hili. Ni kazi ya vibarua wawili kwa siku chache. Kiwanja chenyewe pia kingekataliwa kwenye meza ya mipango, kabla hata mhandisi hajafika.

Mvua ya Aprili 2016 ilikuwa kubwa, lakini maelfu ya majengo ya Nairobi yalinyeshewa usiku ule ule. Kusema “mvua iliangusha jengo” ni kuanza hadithi kwenye ukurasa wa mwisho.

Nani alikuwa na uwezo wa kulifunga

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, inaiweka mipango na maendeleo ya ujenzi mikononi mwa kaunti. Idhini, ukaguzi, notisi, cheti na amri ya kubomoa ni kazi ya kaunti. NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili wakandarasi na miradi na inaweza kusimamisha mjengo unaoendelea; jengo likishakamilika na kujaa watu, nguvu yake hupungua sana. Baada ya majengo kuanguka mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, mojawapo likiwa Huruma hiyo hiyo, serikali kuu iliunda kitengo cha kitaifa cha kukagua majengo. Kilipita mitaani, kikahesabu na kuandika ripoti. Kubomoa na kuhamisha watu kulitegemea kaunti na polisi.

Matokeo yake ni ofisi tatu zilizojua, na kila moja ikiwa na sababu halali ya kusema hatua inayofuata ni ya mwenzake. Hatuoni kwamba tatizo lilikuwa upungufu wa ukaguzi. Ukaguzi wa baada ya ujenzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye jina, anayewajibika kwa jina, ambaye orodha ya majengo hatari ikitoka, majengo ya kata yake yanakuwa yake hadi yawe matupu.

Faini na kodi

Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, jengo lilikuwa na vyumba 119, kila kimoja kikilipiwa karibu shilingi 3,500 kwa mwezi. Likijaa, hiyo ni zaidi ya shilingi 400,000 kila mwezi. Sheria ya Mipango iliyokuwa ikitumika, ya mwaka 1996, iliweka adhabu ya kujenga bila idhini kuwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Faini ya juu kabisa ni kodi ya wiki moja.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ilipandisha faini hadi shilingi 500,000 na kushusha kifungo hadi miezi miwili. Kwa ploti kama ile ya Huruma, hiyo ni kodi ya wiki tano. Mwenye mtaji anayepiga hesabu atailipa na kuendelea. Kinachomzuia ni kusimamishwa kazi kwenye orofa ya kwanza, wakati bado hajapata mpangaji hata mmoja na pesa zake zimekwama kwenye zege. Notisi inayofika orofa ya kwanza ina nguvu kuliko faini inayofika baada ya ya sita. Afisa wa mipango mwenye pikipiki na siku mbili za kuzunguka kata yake kila wiki angeona kila msingi mpya, kwa kuwa mchanga na kokoto hurundikwa barabarani na havifichiki.

Sheria hiyo ya 2019 ina kifungu kinachosomwa vibaya. Kaunti isipomjibu mwombaji kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Baadhi ya wajenzi huchukua kimya hicho kuwa ruhusa ya kila kitu. Kimya kinahusu idhini ya maendeleo peke yake. Kadi ya ukaguzi, saini za hatua na cheti cha ukaaji vinabaki palepale, na anayeruka hatua hizo atakutana nazo siku ya kuuza au kuomba mkopo, au siku mbaya zaidi ya hapo.

Alama nyekundu ukutani

Nairobi jengo likitangazwa hatari huchorwa X nyekundu. Baada ya msiba wa Huruma, majengo mengi ya jirani yalichorwa na baadhi yakaanza kubomolewa wiki hiyo hiyo. Alama hiyo humwambia mpita njia. Mpangaji haimnufaishi sana. Haina tarehe, haina jina la afisa, haisemi kifungu cha sheria wala muda wa kuondoka, na hasa haisemi diposi yake itarudi vipi.

Mpangaji wa chumba cha shilingi 3,500 akitaka kuhama kesho anahitaji kodi ya mwezi wa kwanza, diposi ya mwezi mmoja na nauli ya mkokoteni; karibu shilingi 8,000 kwa mkupuo, wakati kodi ya mwezi huu ameshalipa. Diposi yake iko kwa mwenye nyumba, ambaye hataki ploti iwe tupu. Mahakama ndogo ya kodi haitamsaidia sana, kwani Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500. Aidha, ploti iliyochorwa X mara nyingi hushusha kodi, na kodi ikishuka huvutia wenye shida zaidi. Kwa hiyo alama ya hatari inaweza kuliacha jengo na watu wengi kuliko lilivyokuwa nao.

Notisi inayofanya kazi ina mambo machache. Humfikia mwenye jengo na pia kila mlango wa mpangaji, kwa Kiswahili. Hutaja kifungu, siku ya mwisho na afisa wa kupigiwa simu. Huamuru kodi isikusanywe tangu siku hiyo, na diposi zirudishwe kabla ya siku ya kutoka. Kaunti huenda mahakamani mapema kupata amri, kwa kuwa mwenye jengo atakata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi, na jengo lisipokuwa na amri ya muda litabaki na watu rufaa ikisikilizwa. Umeme na maji hukatwa mwisho, watu wakishatoka. Kuvikata kwanza ni kuwaadhibu wapangaji kwa kosa la mwingine, na watoto hubaki gizani humo humo.

Kuhamisha watu kwa haraka kunawezekana. Juni 2017, Kware, Embakasi, nyufa zilionekana kwenye jengo la orofa saba, wakaazi wakaamriwa kutoka, na usiku huo likaanguka. Kulikuwa na vifo, lakini wengi walikuwa nje tayari. Tofauti na Huruma ilikuwa saa chache za kuamua.

Jengo likishajaa watu, linakaguliwaje

Mwenye jengo lisilo na kadi ya ukaguzi anaweza kutafuta cheti kwa njia ya nyuma, ila njia hiyo ni ndefu na jibu linaweza kuwa baya. Humwajiri mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, ambaye si yule aliyejenga. Mhandisi hupima jengo zima na kuchora lilivyo. Kwa nyundo ya kupima zege hugonga nguzo na slabu, mapigo tisa hadi kumi na mawili kila mahali, lakini nyundo husoma ngozi ya zege tu. Kwa hiyo hukatwa vipande vya duara vya kipenyo cha milimita 100 kutoka ndani ya zege, angalau vitatu kila orofa, vikavunjwe maabara. Kifaa cha kutafuta chuma huonyesha ringi ziko umbali gani na zege linazifunika kiasi gani. Mashimo huchimbwa kando ya nguzo tatu nne hadi chini ya msingi, maana hesabu zote za juu hazina maana kama msingi haujulikani.

Baada ya hapo kuna majibu manne tu: jengo linafaa, orofa za juu ziondolewe, nguzo ziimarishwe, au libomolewe. Kuimarisha ni kuizungushia nguzo zege jipya la angalau milimita 100 kila upande, lenye vyuma vyake na ringi zake, kuanzia kwenye msingi. Wengi huanzia sakafuni ili wasichimbe. Koti hilo halibebi kitu, kwa sababu limekaa juu ya sakafu. Kuondoa orofa mbili za juu mara nyingi ndiyo tiba ya bei nafuu na ya kweli, na ndiyo inayokataliwa kuliko zote.

Jengo lililo ndani ya ukanda wa mto halitapata cheti hata zege lake likiwa bora. Ni afadhali mwenye nyumba aambiwe hivyo siku ya kwanza kuliko kulipia vipimo vya miezi mitatu.

Kwa anayeishi ndani

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha na kupanuka hadi kidole kidogo kuingia unahitaji mhandisi wiki hiyo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwaruza fremu ni dalili ya nguzo inayozama. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa. Ukivuka alama, unaendelea. Nguzo ya orofa ya chini ikipasuka wima, ikimwaga vipande vya zege au kuonyesha chuma kilichopinda, au mkisikia mlio wa kupasuka usiku, toka na watoto bila kubeba vitu.

Kabla ya kulipa diposi, mtunzaji wa ploti anaweza kuulizwa nakala ya cheti cha ukaaji. Mara nyingi hatakuwa nayo. Nambari ya kiwanja inaweza kupatikana kwenye bili ya maji au ya umeme, na kwa nambari hiyo mpangaji au mwenyekiti wa nyumba kumi anaweza kuandikia ofisi ya mipango ya kaunti ndogo. Barua iulize mambo manne: idhini ilitolewa lini, kwa orofa ngapi, ni nani alitia saini kadi ya ukaguzi, na cheti cha ukaaji kilitolewa tarehe gani. Swali la orofa ngapi ndilo linalofichua mengi, maana jengo lililoidhinishwa kwa orofa tatu na sasa lina sita halihitaji kipimo cha maabara ili kuonekana. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Sababu hiyo iandikwe kwenye mstari wa kwanza wa barua, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.